Mkia Kwenye Visigino

Siku kaka yangu alipomleta mke wake nyumbani, nilimkagua kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, kama mawifi wote tunavyofanya, nikakosa kasoro. Ana adabu, anacheka bila kuficha meno, hana maringo. Nikajisemea, haya, kasoro tutaitafuta polepole, haraka ya nini. Kumbe haikufika jioni akanipa mwenyewe. Tulikuwa tumekaa uani tunaparua samaki wa kitoweo, samaki wenyewe hawazidi kiganja. Akamwinua mmoja kwa mkia, akamtazama kwa huruma.

"Kwetu huyu angekuwa chambo," akasema.

"Kwenu wapi huko?" nikamuuliza.

"Huko juu ya mto. Baba anavua kwa ndoana. Akipata kambare anamtundika begani, kichwa mbele, mkia unakuja kumpiga visigino."

Mimi na mama tukaangaliana. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa staha, akainamisha kichwa akaendelea na magamba yake. Mimi staha sikujaliwa. Nilicheka mpaka kisu kikanidondoka.

"Wifi," nikamwambia, "mto ni huu huu mmoja. Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, sijaona kambare wa kupita paja langu. Tia chumvi, lakini bakiza ya kupikia."

Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini, lakini mbele ya bi arusi lazima ujizeeshe kidogo. Hakukasirika. Alisema tu, "Ipo siku utamwona, wifi. Nisipokuonyesha, niite mwongo." Mwongo sikumwita. Nilimwita Visigino, na wiki haikwisha kabla gati zima halijamwita hivyo.

Shamrashamra za arusi zilipoisha nikampeleka kazini kwetu. Pale gatini kulikuwa na meza ndefu ya saruji chini ya paa la mabati. Sisi wanawake tulisimama pande zote mbili, aproni za plastiki kiunoni, vidole vimefungwa matambara, maana kamba ana mwiba kichwani na haombi radhi. Boti zilitoka alfajiri zikakokota nyavu chini kabisa ya mto, kwenye tope. Zikirudi, mabaharia wanafungua mfuko wa wavu juu ya meza, na hapo ndipo ukoo wote wa mto unamwagika: kamba, kaa, mikunga, perege wa kidole, kambare wa kidole, majani, chupa, mara kiatu cha mguu mmoja. Aliyetafutwa ni kamba peke yake. Ndiye aliyekuwa na bei, ndiye aliyewekewa barafu, na wote walikuwa wa Tajiri, mwenye boti. Kilichobaki kilikuwa kingi kuliko kamba, tena mara nyingi, na mabaharia walikiita uchafu.

Uchafu ulikuwa wetu. Hiyo ndiyo sheria ya meza. Aliyeiweka hajulikani, lakini hakuna aliyethubutu kuigusa. Kila boti ilikuwa na mwanamke wake, anayechambua kamba wa Tajiri na kubaki na uchafu. Tajiri hakutulipa mshahara, naye hakuuliza ndoo zetu zinakwenda wapi. Tulikula, tuliuza, tulianika juu ya mabati, waliopondeka tukawapelekea wafuga kuku. Watoto wangu wamesoma kwa uchafu. Siku hizi nikisikia mtu anakunja pua akizungumzia nyavu zile, huwa namuuliza yeye alisomeshwa na nini.

Lakini jamani, ile meza! Nikifumba macho naisikia. Redio ya Mama Pacha ikining'inia kwenye msumari, ikikohoa kuliko inavyoimba. Maganda ya ndimu tuliyojisugulia mikono, yasiyosaidia kitu, maana waume zetu walitujua kwa harufu kabla hatujapiga hodi. Umbea ulianza na kamba wa kwanza ukaisha na wa mwisho. Mtu akifiwa, anafiwa pale. Akiolewa, tunamcheza pale pale na aproni zetu. Natamani siku moja tu nisimame tena mahali pangu, nisukumane na wifi kwa kiwiko.

Maana alipopewa boti yake nilimweka karibu yangu, nimchunge. Na huyo Visigino alikuja na jambo lake. Chini ya meza, karibu na miguu yake, aliweka beseni la maji. Kila akikuta mtoto wa kambare bado anapumua, anamdondosha humo. Aliwaita watoto wa shule. Kazi ikiisha anashuka ngazi za gati na beseni lake, anawamwaga mtoni, anawaambia, "Kwaherini, someni kwa bidii."

"Kesho utawakuta hapa hapa mezani," nikamwambia.

"Ndiyo maana nawaambia wasome."

Tulimcheka, naye alicheka na sisi. Nani wa kumkasirikia mtu wa namna ile?

Miaka ikaenda. Wifi akazaa, mama yangu akatangulia, mama yake naye akatangulia, na yule baba yake wa visigino akabaki peke yake huko juu, macho yamemwisha. Kaka yangu akaenda kumchukua. Kaka ni mshona nyavu, gatini walimwita Sindano. Kwa siku nzima anaweza kutamka maneno mawili, na moja ni "eeh." Alimpa mkwewe chumba kilichopakana na kile cha nyavu zake. Nyumba ikawa kama ule ukoo wa kambare tunaoambiwa, baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto ana sharubu, maana Mzee alikuja na amri zake, na wifi alikuwa na zake, na mimi nilikuwa nyumba ya pili, sharubu zangu zinavuka ukuta.

Mzee hakuwa mtu wa kuhurumiwa, nawaambia ukweli. Mkali, mbishi, akikohoa tu unajiuliza umekosa nini. Jioni ya kwanza wifi alimwekea sahani ya samaki mbele yake. Mzee akapapasa. Akamtafuta samaki kwenye sahani, akampata, akampima kwa dole gumba.

"Hiki nini?"

"Kambare, baba."

"Hiki chambo."

"Ndio waliopo, baba. Siku hizi hawakui."

Mzee akaisukuma sahani. "Mto ule ule, kambare yule yule, leo hawakui? Semeni tu. Wakubwa mnakula nyinyi wenye macho, kipofu mnampa chambo."

Nilikuwepo. Nilimwona wifi uso ukimbadilika. Ukimwita mwongo anacheka, ukimwita Visigino anaitika, lakini baba yake mzazi kumwambia anamdhulumu kwa sababu haoni, hilo lilimkata. Na haikuwa siku moja. Kila sahani ilikuja na neno hilo, chambo, na kila mgeni aliyepita kumsalimu Mzee alishtakiwa habari za binti anayeficha samaki. Wifi alihangaika. Alizunguka gati zima, akawauliza wote wenye ndoana. Hakupatikana kambare hata wa kupita mkono. Jioni moja akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba, mkubwa nitakuletea. Utamshika kwa mikono yako mwenyewe, kabla hujafumba macho."

"Macho yenyewe yameshafumba," Mzee akasema. "Fanya haraka."

Tangu hapo wifi alibadilika pale mezani. Alikuwa anachambua kimya, na kwa Visigino kimya ni ugonjwa. Siku moja akaniwekea kiganjani mtoto wa kambare, mwembamba, ameshakufa.

"Wifi, mimi nimekuwa mjinga. Namtafuta mkubwa wakati wote wanapita hapa wakiwa kidole. Nani atabaki akue? Tunawamaliza sisi."

"Si sisi, ni wavu."

"Na wavu anashona nani?"

Alimaanisha mume wake. Usiku huo huo nadhani alimpa kazi, maana kesho yake kaka alikuja gatini akasema maneno mengi kuliko aliyosema siku ya arusi yake. Alisema wavu unaweza kukatwa dirisha. Kamba anatambaa chini, hajui kupanda. Samaki akibanwa anatafuta juu. Ukiweka dirisha upande wa juu, karibu na mfuko, samaki anatoka, kamba anabaki. Watu wa idara ya uvuvi waliwahi kuja na wavu wa namna hiyo, wakautandaza gatini, wakanywa soda, wakaondoka nao.

Wifi akaenda moja kwa moja kwa Tajiri. Tajiri alikuwa anakula karanga.

"Mimi nataka kamba," akasema. "Uchafu si wangu, ni wenu. Dirisha mnalitaka, kaulizaneni wenyewe."

Basi tukaulizana. Wifi alisimama kwenye kona ya meza, akaeleza. Hakuna aliyemwacha amalize. Mama Pacha akazima redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwenye msiba.

"Tuwaachie samaki watoke dirishani, sisi tule nini? Kamba wa Tajiri?"

Na mimi nikadaka. Siwezi kukaa kimya, sijaumbwa hivyo. "Wifi, nakupenda, lakini hapo hapana. Ahadi uliitoa wewe kwa baba yako. Mimi sikuahidi, na watoto wangu hawakuahidi. Kitumbua chetu usikitie mchanga."

Alituangalia mmoja mmoja. Halafu akasema, "Sawa. Uchafu wenu siugusi. Lakini boti yangu ni yangu na uchafu wake ni wangu. Dirisha nitakata kwangu."

Nani angemkatalia? Sheria ya meza ilikuwa upande wake. Kaka akakata dirisha kwenye wavu wa boti moja, na kuanzia siku iliyofuata wifi alichambua kamba watupu, ndoo yake ya uchafu ikarudi nyumbani inapiga kelele kwa utupu. Nyumbani kwake wakawa wanakula mboga za majani, na Mzee akapata la kusema: sasa hata chambo mnaninyima! Mimi niliapa mbele ya wote kwamba simpi mtu mkaidi hata mfupa. Lakini wale watoto walikuwa wa kaka yangu. Nikawa napitisha samaki, naacha mlangoni, naondoka bila hodi, maana bado nilikuwa nimenuna.

Boti moja ingefanya nini kwenye mto mzima? Ila hatukufikiria kitu kimoja. Kamba wa wifi walikuwa wazuri. Wa kwetu walifika wamepondwa na uzito wa samaki, vichwa huku, mikia kule. Wa kwake walifika wazima, wanang'aa. Na wavu wake mwepesi, boti inakula mafuta kidogo. Tajiri alisimama mbele ya kona ya wifi, karanga mdomoni, akatazama, akatazama tena. Wiki ile ile akaamuru nyavu zote zikatwe madirisha.

Hapo moto ukawaka. Sheria ya meza, iliyodumu tangu enzi za mama zetu, imekufa kwa neno moja la mtu anayetafuna karanga. Na waliyemlaumu si Tajiri. Wanawake walimgeuzia wifi migongo. Akisalimia, kimya. Akiomba kibao cha kuchambulia, hakuna anayemsikia. Na mimi nilimpasha, tena mbele ya watu, mpaka mabaharia wakaacha kufunga kamba za boti wasikilize. Alisikiliza yote ameinamisha kichwa.

Ndipo Mama Pacha akainama, akalivuta lile beseni chini ya meza, akalimwaga kwenye saruji, na vile vitoto viwili vya kambare vilivyolikosa dirisha vikabaki vinarukaruka.

Sijui nilifikaje upande wa pili wa ile meza. "Hebu, hebu, hebu! Huyu ni wifi yangu. Wa kumtukana ni mimi! Wewe nani kakuruhusu?" Nikaviokota vile vitoto nikavitia kwenye kikombe changu cha chai. Na hasira ilikuwa imeshapanda, haijui pa kwenda, nikamwona Tajiri amesimama mlangoni pa ofisi yake anacheka. Nikapata pa kuipeleka. "Na nyie, mnagombana na nani? Nani kachukua uchafu wenu, huyu mwenye beseni au yule mwenye karanga? Kunjeni mikono!"

Tukakunja mikono. Boti zikaja, mifuko ikafunguliwa, kamba wakamwagika mezani wazuri ajabu, na hakuna mkono uliotoka. Jua likapanda juu ya mabati. Kamba si mtu wa kusubiri, mnamjua. Tajiri alitutukana, akatubembeleza, akatutukana tena. Harufu ilipoanza kubadilika akakubali: mshahara, na kila mchambuaji fungu lake la kamba. Wifi akawa wa kwanza kunyoosha mkono kuanza kazi, na Mama Pacha, kimya kimya, akalijaza lile beseni maji akalirudisha mahali pake.

Sitasema mto ulibadilika kesho yake. Mto hauna haraka. Lakini msimu ukapita, na mwingine, na mwingine, tukaanza kuwaona wenye ndoana wakirudi kukaa kwenye kingo, watu ambao walikuwa wameshasahau walipoweka ndoana zao. Samaki wa kiganja, kisha wa mkono. Na Mzee alikuwa anazidi kupungua kitini kwake. Wifi alikuwa anashindana naye, nilimwona. Kila asubuhi anauliza kingoni kabla hajavaa aproni: mkubwa kapatikana?

Asubuhi moja kaka, Sindano mwenyewe, alishika ndoana. Alirudi na kambare hai wa urefu wa mkono mzima, kuanzia bega mpaka vidole. Wifi akamleta ndani ya lile beseni, akaliweka mapajani mwa baba yake, akamshika mikono akaizamisha. Yule kambare akajipinda, maji yakamrukia Mzee usoni. Mzee hakujifuta. Alimpima taratibu, mkiani, mgongoni, mpaka akafika kwenye sharubu.

"Chambo," akasema. Lakini hakumwachia. Akampapasa tena mpaka mkiani, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe hamkuwa mnanificha."

"Hatukuficha, baba."

"Mrudishe. Huyu bado anakua."

Masika yaliyofuata tulimzika. Wifi alilia kilio ambacho sikukijua. "Nilimwahidi mkubwa," alikuwa anasema, "nikampa mtoto." Nilimwambia mzee kaenda na moyo mweupe, si ndilo lililokuwa linamuuma? Akasema ndiyo. Lakini kesho yake akasema tena vile vile.

Sasa meza ile haipo. Tajiri alikufa, boti ziliuzwa, saruji ikavunjwa wakajenga stoo ya barafu. Mama Pacha anaishi kwa wanawe. Sisi tumebaki nyumba zile zile mbili, na macho ya wifi yamefuata ya baba yake, yamefungwa kabisa. Jioni navuka, tunakaa uani, tunaikumbuka redio ya Mama Pacha, tunacheka mpaka tunaumwa mbavu. Kaka anasema eeh.

Mwezi uliopita nilikuwa napita kingoni nikasikia mvuvi mmoja wa ndoana ananiita, "Bibi, njoo uone!" Nikaenda kwa shingo upande, nikijua ni utani. Kambare alikuwa amelala kwenye nyasi, mweusi, mpana, na kichwa chake peke yake kilinishinda kukikumbatia. Sikuuliza bei. Nilimwambia mvuvi, "Nitundike begani. Kichwa mbele."

"Bibi, utaanguka."

"Nitundike!"

Nilitembea. Mgongo unalia, magoti yanalia, watu wamesimama milangoni. Na kila hatua, kofi. Hatua, kofi. Mkia ule wa baridi, wenye utelezi, unanipiga visigino. Katikati ya barabara nikasimama nikalia kama mtoto, halafu nikaendelea.

Wifi alikuwa kitini. Nilimshusha yule kambare mapajani mwake, miguu ikamtawanyika kwa uzito. Akashtuka. Mikono ikaanza mkiani. Ikapanda. Ikapanda tena. Ilipofika kwenye sharubu, ikasimama.

"Umembebaje?" akaniuliza.

"Begani. Kichwa mbele."

"Na mkia?"

"Visiginoni, wifi. Njia nzima. Hukuwa mwongo."

Machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona, yakamdondokea kambare. Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata, akaupanda mpaka begani, akanipima urefu kama anayempima mtoto.

"Wewe mfupi, wifi," akasema. "Baba alikuwa mrefu. Huyu bado chambo."

Tulicheka mpaka kaka akatoka ndani kuuliza kuna nini.